Sikukuu ya mavuno kwenye yadi ya malori: Onam yetu ya Lubumbashi

Haya, mambo zenu watu wangu wa nyumbani! Huku Lubumbashi ni saa mbili usiku, kwenu tayari saa tatu, kwa hiyo mlio kitandani na simu najua mpo. Mnivumilie na kelele, hilo ni jenereta la jirani. Umeme umeondoka tangu jioni, na hapa ukisema usubiri umeme ndiyo urekodi, chaneli itakufa.

Picha nilizoweka juzi zimeniletea maswali. “Dada, mbona mmekaa chini mnakula kwenye majani ya mgomba, kuna msiba?” Hakuna msiba jamani! Ile ni Onam, sikukuu ya mavuno ya watu wa Kerala, kule kusini kabisa mwa India, na tumeifanyia kazini, katikati ya malori.

Kwa wageni wa chaneli, mimi niko idara ya nyaraka kwenye kampuni ya usafirishaji. Magari yanapakia bandarini Dar, yanatoka Tunduma, yanakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa, ndipo yanaingia huku. Karibu kilomita 2,000. Yakirudi yanabeba shaba. Ofisini tumechanganyika: Wakongo ndio wengi, Wazambia wapo, sisi Watanzania, na Wahindi kadhaa ambao karibu wote ni wa Kerala. Mhasibu mkuu ni mama wa mji wa Thrissur. Wenzake wanamwita chechi, dada mkubwa kwa lugha yao ya Kimalayalam, nasi tukafuata hivyo hivyo.

Onam huangukia mwezi wao wa Chingam, kati ya Agosti na Septemba. Ni siku kumi, zinaanza na siku ya Atham, na kilele kinaitwa Thiruvonam. Mwaka huu wa 2025 kilele kilikuwa Ijumaa, tarehe 5 Septemba. Sasa Ijumaa kwenye usafirishaji nani atakuachia yadi? Tukasogeza Jumamosi mchana. Na msidhani ni ya Wahindu peke yao. Kwa asili ni ya kwao, lakini Kerala Wakristo na Waislamu pia wanaisherehekea. Chechi mwenyewe Jumapili yuko kanisani.

Chimbuko lake ni hadithi, na nawasimulia kama alivyotusimulia. Palikuwa na mfalme anaitwa Mahabali, wa ukoo wa majitu, asura. Lakini enzi yake haikuwa na njaa, haikuwa na wizi, mkubwa na mdogo walikuwa sawa. Miungu wakaona huyu anapendwa kupita kiasi. Basi mmoja wao, Vishnu, akajigeuza mtu mfupi, maskini wa Kibrahmin, tabaka la makuhani, jina Vamana, akaenda kuomba ardhi: hatua tatu tu, kwa miguu yake hiyo mifupi. Mfalme akasema chukua. Yule mfupi akaanza kukua. Hatua ya kwanza ikafunika dunia, ya pili ikamaliza mbingu. “Ya tatu niiweke wapi?” Mfalme hakuvunja ahadi, akainamisha kichwa. Akasukumwa chini kuzimu, ila akapewa ruhusa arudi mara moja kwa mwaka kuwaona watu wake. Ndiyo hiyo Onam. Wanapamba nyumba na kupika sana ili mfalme akija awakute wameshiba.

Mlinzi wetu ni mzee wa hapa hapa, papa tunayemheshimu wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa: “Njo vile banaombaka udongo huku kwetu. Kidogo tu, kidogo tu.” Yadi nzima ikaangua kicheko. Lubumbashi ni mji wa migodi, hadithi ya mtu aliyeomba kiwanja akaondoka na mlima haihitaji kufafanuliwa.

Asubuhi ilianza na maua. Kerala wanapanga zulia la maua mlangoni, pookalam, na kila siku wanalipanua kidogo. Sisi tulikuwa na asubuhi moja tu, tena ya Septemba, mnajua vumbi la huku kabla ya mvua. Tukapata bogenvilia za ukutani, haibiskasi, na jakaranda ambazo ndiyo zinaanza kuchanua barabarani. Bosi wa shughuli alikuwa mama anayefagia ofisi. Mameneja walichuchumaa wanapanga petali, yeye amesimama juu yao: “Hapana pale! Zambarau inaenda huku!” Sijawahi kumsikia akipaza sauti miaka yote niliyomjua. Upepo ukija, wanaume wanasimama upande mmoja kama ukuta.

Halafu nazi. Hapa ndipo nilipojiona mtu wa maana. Chakula cha Kerala bila nazi hakipo, na Lubumbashi minazi hakuna. Kwa hiyo wiki kadhaa kabla niliongea na dereva wetu mmoja wa Tanga, akanibebea gunia kutoka Muheza na mbuzi ya kukunia. Nazi zimepita mipaka miwili, zimelala foleni ya Kasumbalesa, zimefika salama.

Nikatoa mbuzi yangu, nikakaa, nikaanza kukuna. Vijana wa Kikongo wakaja na simu kupiga picha, hawajawahi kuona kiti chenye jino. Lakini chechi alisimama tu ananitazama. Akasema kwa bibi yake kilikuwepo hicho hicho, wanakiita chirava, kibao cha kukalia na chuma mbele. Akaninyanyua! Akapandisha sari yake nyeupe yenye pindo la dhahabu, akakaa, akakuna nazi nne bila kugusa kifuu. Shangazi zangu mnaonitazama, nawaambia ukweli, huyu mama angekuja harusini kwetu asingeulizwa ametoka wapi. Tukakaa tunakuna kwa zamu, yeye ananieleza ya Thrissur, mimi ya Muheza.

Chakula chenyewe kinaitwa sadya, na hakina nyama. Jani la mgomba linatandikwa mbele yako, ncha nyembamba ikielekea kushoto, na kila kitu kina mahali pake: achari na tangawizi ya ukwaju pale juu kushoto, mboga zinafuata, wali katikati. Kuna avial, mboga mchanganyiko na nazi na mtindi. Kuna thoran, kabichi iliyokaangwa na nazi. Kuna sambar ya dengu, ambayo kwao huwekwa matunda marefu ya mlonge. Ndiyo, mlonge ule ule mnaowauzia wazee kama dawa ya kila ugonjwa. Chipsi za ndizi tulizipata kwa mkono wa tembo, mchele ulikuwa wa Kyela. Mwisho payasam, na payasam yetu ilikuwa tambi za maziwa na sukari, na mimi hapo nilikuwa nyumbani kabisa. Ukishiba unalikunja jani kuelekea kwako. Kulikunja upande wa pili ni kwa msiba, kwa hiyo aliyeuliza kuhusu msiba hakuwa mbali sana!

Papa mlinzi alilitazama jani lake lote, kushoto kwenda kulia. “Na nyama haiko? Bukari nayo haiko?” Bukari ndiyo ugali wa huku. Chechi akamjibu kwa upole kwamba sadya ni ya mboga, ingawa kaskazini mwa Kerala wapo wanaoweka samaki na hata nyama siku ya Onam. Papa akamalizia payasam yake, akasema mwaka ujao sisi wote tutakuwa watu wa kaskazini.

Mchana tulivuta kamba, maana Onam ya kazini bila kuvuta kamba haijakamilika. Madereva dhidi ya ofisi, kwa kamba ya kufungia turubai. Sitaki kuzungumzia matokeo. Thrissur pia wana ngoma ya chui, Pulikali, wanaume wenye vitambi wanapakwa rangi tumboni, chui anachorwa hapo. Fundi wetu wa injini alijitolea kabla hajaombwa. Rangi hatukuwa nayo, tukampaka manjano na makaa. Video yake nitaiweka akinipa ruhusa, mke wake hajaiona bado.

Niseme kinachonisumbua tangu siku ile. Nimeshakaa kwenye sherehe nyingi za ofisi, hapa na huko Dar. Keki, hotuba ya meneja, soda, picha ya pamoja, watu wanatazama saa. Hii haikuwa na hotuba hata moja. Kila mtu alikuwa na kazi mkononi, na anayefagia ndiye aliyewaamuru wakubwa. Kisha Jumatatu mwenzangu wa Kikongo akaniuliza, “Dada, kwenu mavuno munafanya feti gani?” Nikamtajia Nane Nane, sikukuu yetu ya wakulima. Akauliza watu wanafanya nini siku hiyo. Nikasema wanaenda viwanjani kutazama matrekta na ng'ombe wa maonyesho, wanakula mishikaki, wanarudi. Naipenda Nane Nane, Mbeya pale viwanja vya John Mwakangale nimekwenda tangu mdogo, lakini kuna aliyewahi kumpikia mfanyakazi mwenzake chochote siku hiyo? Wa Makunduchi, Zanzibar, mnaweza kunijibu kwa Mwaka Kogwa, sikukuu yenu ya mwaka mpya, kule mgeni halali njaa. Sisi wa bara tuseme nini?

Wakongo wameshachukua zamu yao ya kuandaa sherehe ya mavuno: mahindi mabichi yakikomaa wataleta ya kuchoma na munkoyo, kinywaji chao cha mahindi. Mimi nimepangiwa Agosti, siku yenyewe ya nane. Kwa hiyo naombeni menyu. Watu ni kama sitini, nusu yao hawali nyama siku za sikukuu, nusu nyingine hawaamini kwamba mlo bila nyama ni mlo, na papa mlinzi anataka bukari. Wa Muheza mniambie kama tutatumia mchicha wa nazi au kisamvu, na wa Kyela mniambie bei ya mchele ikoje, maana dereva anashuka Dar wiki ijayo na anataka orodha.