Sarafu iliyokosewa kiwandani na sarafu iliyochezewa mtaani

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu na vijana. Naona wengi mmekuja na vifuko vyenu, nitavitazama tukimaliza. Ila kwanza liacheni lile swali mnalopenda kuniuliza: "Hii si ya ajabu?" Ajabu huundwa na kijana yeyote mwenye jiriwa na tupa. Mimi nauliza: jambo hili lilitokea kazi ya kiwanda ilipofika wapi? Ukikosa hatua iliyoweza kulizaa, basi limezaliwa na mkono wa mtu.

Hatua zenyewe si nyingi. Bati refu hupitishwa chini ya vyuma vya mviringo, vikakata vipande vitupu. Vipande hubanwa kandokando ili mdomo wa pembeni unyanyuke. Kisha kila kimoja hukalishwa ndani ya pete, baina ya mihuri miwili ya chuma, kikagongwa. Nyuso mbili na ukingo hutoka kwa pigo hilo.

Chukueni sarafu iliyomegeka. Bati lisiposogea sawasawa, chuma hukata juu ya tundu lililokwisha kukatwa, kama mtu anayekata mahamri kwa bilauri akapitiliza kwenye tundu la jirani. Kipande hutoka na pengo la mviringo. Mnunuzi hulikodolea macho pengo. Mimi hutazama mkabala wake. Kipande kilipokuwa kikibanwa, pale pengoni hapakuwa na cha kuegemea, kwa hiyo mdomo wa ng'ambo ya pili haukunyanyuka vyema. Utauona umefifia. Wakusanyaji huiita athari ya Blakesley. Tena herufi za jirani na pengo huwa zimevutika kuelekea huko, maana madini yalipogongwa yalikuta nafasi. Iliyokatwa kwa tupa, herufi zimekatika ghafla, na mdomo wa mkabala umesimama kamili. Dalili hizi si lazima ziwe kali kwa kila sarafu ya haki, lakini ukizikosa zote mbili, rudisha pochi mfukoni.

Inayowaliza watu zaidi ni ile yenye picha iliyobonyea na kusomeka kinyume. Kiwandani hutokea: sarafu iliyotangulia hugoma kutoka, ikabaki imeng'ang'ania muhuri, na kipande kinachofuata kikagongwa na uso wa sarafu hiyo badala ya muhuri. Ila kipande hicho kilikuwa kitupu, kwa hiyo uso ule hupata picha iliyobonyea peke yake. Sasa tazameni hii ya Kenya niliyoshika, pitisheni mkono kwa mkono. Pua ya Moi imebapa. Shavuni mna nusu ya maandishi ya kinyume, na chini yake nywele zake bado zaonekana. Geuzeni: nembo ya taifa nayo imelala, ngao haina makali. Sarafu mbili nzima zilitiwa kwenye jiriwa zikakazwa. Haina zaidi ya thamani yake dukani, na sidhani muuza duka ataipokea kwa furaha.

Za rangi mbili, shilingi kumi na ishirini, naletewa sana zikiwa na kiini, lile duara la katikati, kilichopinduliwa. Hapo sihitaji hata lenzi. Pete ya nje ya sarafu na kiini hugongwa pamoja, na pigo hilo ndilo linaloviumanisha. Kabla yake kiini hakina kichwa wala nembo, kingepinduliwaje? Hiyo ni kazi ya moto na nyundo. Pete isiyo na kiini ndiyo yafaa kuchunguzwa. Ikiwa iligongwa hivyo hivyo, madini yake hufurika ndani ya tundu, ukuta ukawa hauko sawa. Kiini kikiwa kimeng'olewa baadaye, ukuta hubaki na alama ya pale kilipoumana.

Sarafu yenye vichwa pande mbili? Tafuteni mshono kwa ndani ya mdomo. Sarafu moja imekombwa, nyingine imechongwa ikaingia humo. Mistari je? Muhuri ukipata ufa, madini huingia ufani, na sarafu hutoka na mstari ulionyanyuka. Mstari uliozama aghalabu ni mkwaruzo tu.

Mzee pale nyuma ameinua senti kumi ya shimo, ya Afrika Mashariki, 1936, yenye jina la mfalme Edward wa Nane wa Uingereza. Ameambiwa ni kosa kwa sababu mfalme huyo aling'atuka mwaka huo huo. Si kosa, mzee wangu. Sarafu za shimo hazikuwa na sura ya mfalme, jina lake tu, na zilitolewa rasmi. Ni kumbukumbu nzuri, itunze. Mwenye senti ambayo shimo limekaa kando, atazame katikati: shimo hutobolewa kabla ya kugonga, kwa hiyo pale lilipostahili kuwa pawe na madini matupu ya rangi ile ile. Ukiona rangi nyingine, hapo pametiwa lehemu na shimo la pili limepigwa keekee. Kidole chako kitakwaruzwa na makali yake.

Na shilingi arobaini ya Kibaki ya 2003 si kosa pia, hata video za simu ziseme nini. Ilikuwa ya miaka arobaini ya uhuru.

Haya, leteni vifuko mezani. Aliyeisugua yake kwa ndimu na majivu asubuhi ya leo, aseme mapema.