Mzazi Ambaye Wanawe Hawajaonekana

Walimu wangu, na ninyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma, tuanze na 91. Ni namba tasa? Sura inayo: haigawiki kwa 2, wala 3, wala 5. Wenye jibu tayari, nyamazeni kwanza.

Chukueni 2 kipeo cha 12, yaani 4,096. Gawanyeni kwa 91: linabaki 1. Basi kipeo cha 84, ambacho ni 12 mara 7, nacho kitabakisha 1. Pandeni hadi kipeo cha 90. Zimeongezeka 2 sita tu, kwa hiyo baki ni 64.

Sasa, mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, alieleza jambo ambalo kwetu leo lina maana hii: kama 91 ingekuwa tasa, baki hilo lingekuwa 1. Limekuwa 64. Imeumbuka! Si tasa, na vigawo vyake hatujavigusa. (Haya, semeni: 7 na 13.)

Lugha yetu imeipa namba jina la tasa kwa kuwa haizai vigawo vingine zaidi ya 1 na yenyewe. Hapa tumethibitisha uzazi bila kuwaona watoto.

Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne wa Paris aliitaja 2 kipeo cha 67 toa 1 kuwa ni tasa. Ni hii hapa ubaoni: 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Édouard Lucas akaonyesha kwamba mtawa alikosea. Hakutumia kipimo tulichotumia sisi. Namba za umbo hili, kipeo chake kikiwa tasa, hukipita zote, zilizo tasa na zisizo tasa. Alikuwa na kipimo chake. Ila vigawo hakuvitoa.

Vilitolewa Oktoba 1903, New York, katika mkutano wa American Mathematical Society, chama cha wanahisabati wa Marekani. Husimuliwa kwamba Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni kimya, akakokotoa 2 kipeo cha 67, akatoa 1, kisha pembeni akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akarudi kuketi, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kazi hiyo, inasemekana, ilimla Jumapili za miaka mitatu. Simulizi ina chumvi kidogo, nadhani, lakini kuzidisha kule hakuna chumvi: mtoto mwenye penseli na subira atakuhakikishia jioni moja.

Na Cole hakupapasa gizani. Kigawo chochote cha namba ile lazima kibakishe 1 ukikigawa kwa 134, na kibakishe 1 au 7 ukikigawa kwa 8. Masharti hayo mawili yanafagia karibu kila kitu njiani. Kilichobaki bado ni kingi, ndiyo maana ya zile Jumapili.

Yuko mzazi mwingine, mgumu zaidi: 2 kipeo cha 1,048,576 jumlisha 1. Ina tarakimu 315,653. Sitaiandika, chaki haitoshi. Mwaka 1987 Jeff Young na Duncan Buell walithibitisha kwa kompyuta kwamba si tasa. Mpaka leo hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana. Alama ya ukoo, hata hivyo, tunayo: kila mtoto wake, ukimgawa kwa 4,194,304, atabakisha 1.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mwanangu?