Rimu Mpya, Gari Chini: Tairi Gani Itakaa?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo sina salamu ndefu, maana kuna ujumbe wa sauti umetufikia kutoka Kimara na mwenyewe kachanganyikiwa. Ana Toyota Mark X ya toleo la kwanza, ile yenye namba ya modeli GRX120. Kaishusha kwa springi fupi, sentimita 4. Kanunua rimu za inchi 18, upana inchi 8 na nusu, ET35; hiyo ET tutaifafanua. Gari lilikuja na tairi 215/60 za rimu 16. Anauliza avalishe tairi gani.

BARAKA: Yaani rimu keshanunua, ndiyo anauliza.

ZUHURA: Kaka, rimu hununuliwa kwa macho. Wewe mwenyewe unajua.

BARAKA: Najua, dada. Haya, tuanze na kimo cha tairi zima. Kwenye 215/60, hiyo 215 ni upana kwa milimita, na 60 ni asilimia ya huo upana inayokuwa ukuta, yaani ubavu wa tairi. Ukuta unatoka milimita 129. Mara mbili, jumlisha rimu ya 16 ambayo ni milimita 406, jumla 664. Spidomita ilipimwa kwa kimo hicho. Mimi sipendi mtu atoke nje ya asilimia 3.

ZUHURA: Maana wengi wakiona gari limeshuka wanakimbilia 225/40, wanasema ukuta mwembamba hautagusa fenda.

BARAKA: Hiyo kwenye rimu 18 inakupa 637. Umepungua asilimia 4. Spidomita ikisema 100, wewe uko 96. Ila kinachoniudhi si hicho. Kipenyo kikipungua milimita 27, gari zima linashuka nusu yake, milimita 13 na ushee. Jamaa keshashusha 40, unamwongezea 13 nyingine. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ndiyo itakayosalimiana na matuta.

ZUHURA: Na pengo la juu ya tairi, lile alilokuwa analikimbia, linarudi.

BARAKA: Linarudi! Umetumia hela ya springi, halafu tairi dogo limekufungulia uwazi uleule.

ZUHURA: Basi mimi ningempa 235/40. Rimu ya 8 na nusu ndiyo saizi yake hasa, tairi linakaa limenyooka.

BARAKA: Linakaa vizuri, sibishi. Kimo chake 645, bado iko ndani ya asilimia 3, ingawa kwa kubanana. Lakini ona 225/45: kimo 660, karibu sawa na la kiwandani. Na Toyota wenyewe waliweka 225/45 za 18 kwenye Mark X hiyohiyo, toleo la S. Ukuta una milimita 101 dhidi ya 94. Kwa mashimo yetu, hizo 7 ndizo zinazokuokoa rimu isipinde.

ZUHURA: Lakini 8 na nusu kwa 225 si ni mwisho wa kamba?

BARAKA: Ni ukomo wake wa juu, ndiyo. Linavutika kidogo, bega, ile kona ya ukuta na sehemu inayokanyaga barabara, linalala kwa ndani. Kwa gari hili hilo bega kulala ni faida, kwa sababu ya hiyo ET35.

ZUHURA: Hapo ndipo kwenye kesi yenyewe. Elezea taratibu, wengi hawaijui ET.

BARAKA: ET ni milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaobana kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa. Namba ikishuka, rimu inatoka nje. Tuseme rimu yake ya zamani ni upana 7, ET45. Asome nyuma ya spoku, imechongwa pale. Kutoka 7 hadi 8 na nusu, kila upande unapata milimita 19. Halafu ET imeshuka 10. Kwa hiyo nje anasogea 29, ndani 9.

ZUHURA: Milimita 29! Hapo ukingo wa fenda ya nyuma ukipanda tuta na abiria...

BARAKA: Unalamba tairi. Ndiyo maana watu wanalaumu tairi wakati mwenye kosa ni ET.

ZUHURA: Mpe namna ya kupima kabla hajalipia tairi nne.

BARAKA: Avalishe moja nyuma, moja mbele. Apake chaki kwenye ukingo wa ndani wa fenda. Watu watatu wakae nyuma, apande tuta kwa mshazari, polepole, kisha akate usukani mpaka mwisho pande zote. Ashuke aangalie bega la tairi. Akiona mstari mweupe, ajue panapogusa. Ukingo wa fenda unaweza kukunjwa na fundi bodi, rangi ipashwe moto kwanza isipasuke.

ZUHURA: Na asikate springi.

BARAKA: Usinikumbushe hao. Springi ikikatwa, shokapu inagonga mwisho wake kila shimo.

ZUHURA: Kingine, uzito. Tairi la zamani lina namba ya uzito 95 ubavuni, yaani tairi moja linabeba kilo 690. Zipo 225/45 za 18 zenye 91, ambazo ni kilo 615.

BARAKA: Achukue yenye XL, yaani iliyoimarishwa kubeba uzito zaidi, namba 95. Ila XL inabeba kilo hizo ikiwa na upepo wa kutosha, si ule wa kubahatisha wa kituoni. Na asome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi linang'aa kama jipya na lina umri wa mtoto wa shule.

ZUHURA: Nati je?

BARAKA: Baadhi ya rimu za Toyota za kiwandani zinatumia nati bapa zenye washa, na hizi za kununua mara nyingi zinataka nati za koni. Ukizichanganya, nati haikai, inalegea njiani. Akaze kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita 103, na baada ya kilomita 50 hadi 100 akaze tena.

ZUHURA: Nusu ya hao wenye rimu kali hapa mjini hiyo ya kukaza tena hawajawahi kuisikia.