Kampuni za Roketi na Ahadi Zake: Ipi Inatimia?
(Mhadhara uliotolewa Tanga)

Wazee wangu, ndugu zangu wa Tanga, asanteni kwa kufika.

Kampuni binafsi zinazotangaza kupeleka watu Mwezini na Mirihi, zinatimiza? Naanza na jibu. Kazi iliyofungwa kwenye mkataba, fedha zikitoka kila hatua inapokaguliwa, mara nyingi hukamilika, ingawa kwa kuchelewa. Tarehe inayotajwa jukwaani mbele ya kamera msiitegemee.

Ucheleweshaji unatoka wapi? Tazameni nati moja. Machi 2006 SpaceX, kampuni binafsi ya Marekani, ilirusha Falcon 1, roketi yake ya kwanza, kutoka kisiwa cha Omelek katika Visiwa vya Marshall. Dakika haikutimia. Nati ya alumini kwenye bomba la mafuta ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi hadi ikapasuka. Mafuta ya taa yakavuja, moto ukawaka, injini ikazimika. Nyie wa Raskazone mnaoona bati na boti zinavyoliwa, hilo mnalijua. Safari zilizofuata walifunga nati za chuma kisichoshika kutu.

Mwaka 2007 oksijeni ya kimiminika ilisukasuka ndani ya tangi la kipande cha juu cha roketi, roketi ikayumba na kupoteza nguvu. Lakini kosa la Agosti 2008 ndilo ningependa kila fundi kijana alisome. Injini mpya ilipozwa kwa mafuta yanayopita ndani ya kuta zake. Ilipozimwa, mabaki ya mafuta yaliendelea kuisukuma kidogo. Kwenye majaribio ya ardhini shinikizo la msukumo huo lilikuwa dogo kuliko la hewa inayotuzunguka, kwa hiyo hakuna aliyeliona. Huko juu, pasipo hewa, kipande cha chini kilichokwisha kuachia kikakifuata cha juu na kukigonga kwa nyuma. Tiba yake ilikuwa kusubiri sekunde chache zaidi kati ya kuzima na kutenganisha. Septemba 28, mwaka huohuo, roketi ya nne ikafika kwenye mzingo wa dunia.

Desemba 2008 NASA, shirika la anga la Marekani, iliipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za mizigo. Kabla ya hapo, katika mpango wa majaribio, kampuni iitwayo Rocketplane Kistler ilishindwa kutafuta mtaji wake, na mwaka 2007 ikaondolewa. Mimi naona uamuzi ule wa kukata fedha mapema ulisaidia kuliko hotuba zote.

Mkataba peke yake hautoshi, lakini. Mwaka 2014 NASA ilizipa kazi ya kubeba wanaanga Boeing, kwa dola bilioni 4.2, na SpaceX, kwa bilioni 2.6. Lengo lilikuwa 2017. SpaceX ilibeba watu Mei 2020. Boeing Juni 2024, na chombo chake, baada ya kuvuja heliamu na injini ndogo za kukiongoza kuleta hitilafu, kikarudi kitupu.

Za jukwaani sasa. Falcon Heavy, roketi kubwa ya SpaceX, ilitangazwa mwaka 2011 kwamba itaruka 2013. Iliruka Februari 2018, kwa sababu kufunga roketi tatu pamoja kulidai mwili wa katikati usanifiwe upya ubebe msukumo wa pande mbili. Virgin Galactic, kampuni ya kupeleka abiria ukingoni mwa anga, ilianza 2004 ikitaja abiria kufikia 2007. Mwaka 2014 chombo chake kilivunjika angani baada ya rubani msaidizi kufungua mapema kifaa cha kukunja mkia, na hapakuwa na kizuizi cha kumzuia. Alifariki. Safari za kibiashara zilianza Juni 2023.

Kuhusu Starship, chombo cha SpaceX cha kutua Mwezini, iliyopewa dola bilioni 2.89 Aprili 2021, msihesabu picha wala tarehe. Fuatilieni uhamishaji wa mafuta kutoka chombo hadi chombo kwenye mzingo: oksijeni inayochemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri na methani kwenye 161, zote zikitaka kugeuka mvuke kwa joto la jua, na vyombo vya kubeba mafuta vikitakiwa kupanda kimoja baada ya kingine kabla tangi linalojazwa halijapungua.