Misimu Mitatu ya Mikorosho

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliorudi likizo kutoka vyuoni, karibuni Mtwara, msikae nyuma kama mnaogopa kuulizwa swali.

Nimeombwa niseme kazi ya wakili inavyobadilika. Nitaanza na aibu yangu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, mzee mmoja wa Newala aliniletea karatasi ya daftari iliyokunjwa mpaka ikachanika: "Mikorosho 40, rehani, misimu mitatu," chini dole gumba na jina la shahidi. Nikaandika hati ya madai ya Kiingereza, ndefu, nzuri, nikiomba mahakama itamke kuwa ardhi ni yake. Nilipomsomea kwa Kiswahili akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, hiyo kesi ya nani?"

Hakuna aliyempokonya ardhi. Aliweka rehani miti, mwenye fedha avune misimu mitatu. Msimu mmoja ugonjwa wa ubwiriunga ukapukutisha maua, mwenye fedha akadai msimu ule hauhesabiki, apewe mwingine. Ugomvi wote ulikuwa juu ya neno "msimu", neno nililoliruka kwa sababu halikuwamo kwenye madaftari yangu ya chuo.

Kitivo cha sheria Dar es Salaam kilifunguliwa 1961, na Shule ya Sheria ikaundwa kwa sheria ya 2007 ili mhitimu ajifunze vitendo kabla ya kuapishwa. Hatua nzuri. Lakini tulifundishwa zaidi kuandika kuliko kuuliza, tena kwa lugha ambayo mteja haitumii.

Sasa mambo yamegeuka. Marekebisho ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya kutolea haki. Mwaka huohuo mabaraza ya kata yakaondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki kusuluhisha, siku 30. Yakishindwa, ndipo mtu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hukumu nazo zipo TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, unazisoma simuni ukiwa kwenye daladala. Kuitafuta hukumu si kazi tena. Kazi ni kujua unatafuta nini.

Chukueni ukomo wa muda, yaani mwisho wa kufungua kesi. Madai ya kurudishiwa ardhi yana miaka 12. Umwulize bibi alivamiwa lini, atakwambia, "Miche yangu ilikuwa haijazaa bado." Miche aliipanda lini? "Mwaka ule wa elinino." Hapo anayejua kuwa mkorosho huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi ameshapata tarehe, na asiyejua anaandika "mteja hakumbuki". (Wasaidizi wa kisheria wa vijijini hili wanatushinda mbali, nasi tunawaita wasaidizi!)

Yule mzee tulimalizia shambani, chini ya mkorosho. Swali lililofungua mambo aliliuliza shahidi mwenyewe: msimu ule salfa, dawa ya ubwiriunga, alinunua nani? Kimya.

Nimeinakili ile karatasi bila majina, pitisheni. Someni, kisha kila mmoja aniambie swali la kwanza ambalo angemwuliza mzee. Kwa Kiswahili, tafadhali. Tuanze na wewe mwenye shati la bluu.