Kivumbasi Hiki Si Kile

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia hapa Nairobi: lebo iliyoandikwa "mafuta ya kivumbasi" na kuishia hapo haijamwambia mnunuzi chochote.

Chukueni Ocimum gratissimum, kile kivumbasi kirefu chenye majani mapana. Kuna vichaka vyake ambavyo mafuta yake, kwa sehemu kubwa, ni eujenoli, kemikali ile ile iliyomo ndani ya karafuu ya Pemba, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Kuna vingine, jani lile lile, ua lile lile, vimejaa thimoli, kemikali nyingine kabisa. Mtaalamu wa mimea ataviita jina moja. Mashine ya kromatografia, ile inayochambua kemikali zilizomo kwenye mafuta, itavitenga. Tofauti hiyo hasa ni ya kurithi, imo kwenye mbegu. Huwezi kuiondoa kwa mbolea.

Halafu upo mmea wa jamii hiyo hiyo, Ocimum kilimandscharicum, ambao wakulima wa kandokando ya msitu wa Kakamega huupanda na kuukamua kwa mvuke. Huo una kafuri, ile karafuumaiti. Ikipakwa kifuani, pua inahisi kufunguka. Mtoto mdogo akiimeza, hata kidogo, anaweza kushikwa na degedege kwa dakika chache tu. Marekani iliweka kikomo mwaka 1983: bidhaa isizidi asilimia 11 ya kafuri. Sasa mama wa Kayole, mwenye mtoto anayekohoa usiku, atajuaje kichupa alichouziwa kina nini?

Najua kuna atakayesimama aseme bibi zetu hawakuwa na mashine. Kweli. Lakini bibi alichuma kichaka alichokijua, nyuma ya jiko lake, akachemsha konzi moja ya majani. Wewe unakamua gunia zima upate mafuta yasiyojaza chupa ya soda, unachanganya la Meru na la Kakamega, kisha unamuuzia mtu usiyemjua. Usimsingizie bibi!

Chupa iwe ya kioo cheusi na ijae hadi shingoni, maana hewa na mwanga huyaharibu mafuta.

Ninyi mnaokamua, kila mkupuo pelekeni mililita chache maabara. Lebo ionyeshe jina la kisayansi, sehemu ya mmea, tarehe, na asilimia ya kemikali kuu. Kama ni kafuri, "weka mbali na watoto" iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, upande wa mbele.