Poni mnene hapunguzwi kwa njaa: mazungumzo na masaisi na wenye farasi, Njoro

Haya tukae basi, wa nyuma mnanisikia? Naona masaisi ndio wengi leo, na wazazi wenye poni za watoto, na wale vijana wa kubebesha watoto wikendi huko Nakuru mjini, karibuni nyote. Leo ni maneno ya poni mnene, hawa farasi wa uzao mdogo, na najua kuna wenye washaanza kucheka kwa sababu hapa kwetu mnyama mnene ni sifa, ng'ombe akionyesha mbavu majirani wanakusema, sasa huyu ametoka wapi kutuambia tukondeshe? Lakini poni hauzwi kwa kilo jamani.

Poni wengi ni uzao wa mahali pagumu. Chukua Shetland, hivyo ni visiwa vya kaskazini mwa Skotlandi, baridi, upepo, nyasi duni, kwa hivyo mwili wake umezoea kuweka akiba ya kila kitu kidogo anachokula. Sasa umlete Njoro, mvua ya Aprili ipige, nyasi ya kikuyu iote mpaka magotini, na kazi yake ni Jumamosi tu, si atafura? Akifura insulini, ile homoni ya kusimamia sukari mwilini, inapanda kwenye damu, na hiyo insulini ndio inaenda kuharibu kwato kutoka ndani. Tunaita laminaitisi. Ule mfupa ulio ndani ya kwato umeshikiliwa ukutani na tishu nyembamba sana, zikiachia mfupa unazunguka ama unashuka chini. Utamwona ameegemea nyuma, hataki kugeuka, kwato zina joto, ukishika kwenye fetloki, kile kifundo cha juu ya kwato, mishipa inagonga. Huyo hapelekwi mazoezi hata hatua mbili, huyo ni wa daktari na fundi wa kwato.

Sasa hapa ndio nataka mnisikize vizuri. Mdosi akisikia poni ni mnene anasema mfungie, mpe maji tu, atakonda. Hapana. Poni mnene akikaa njaa mwili unamwaga mafuta kwenye damu kwa fujo, ini linashindwa kuyamaliza, damu yenyewe inageuka kama maziwa, na wengi wakifika hapo hawarudi. Punda pia ni hivyo hivyo, nyinyi wa punda msijifanye haiwahusu. Halafu tumbo la farasi linatoa asidi saa zote, kuna chakula hakuna chakula, kwa hivyo ukimwacha usiku mzima bila kitu unamtafutia vidonda.

Kwa hivyo ni kupima. Mizani ya kusimamishia farasi hatuna lakini tepu ya fundi nguo iko. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha upime urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako. Kifua mara kifua mara urefu, zote kwa sentimita, gawa kwa 11,880, unapata kilo. Kifua 150, urefu 135, huyo ni kama kilo 255. Na umguse pia, mkono hauongopi: mbavu unazihisi ama unasukuma mafuta kwanza? Shingo juu imekuwa ngumu haitingishiki? Ile skeli ya unene wa farasi, 1 amekonda kabisa mpaka 9 mnene kupita kiasi, aliyotoa mtafiti Henneke na wenzake mwaka 1983, sisi tunataka 5 hivi, akifika 7 tuanze kazi.

Chakula chake kwa siku ni asilimia 1.5 ya uzito, hiyo ni ya kitu kikavu bila maji kabisa, kwa huyu wetu kama kilo 3.8, na nyasi kavu bado ina unyevu kidogo, so ni karibu kilo 4.3 za nyasi kavu, ile nyasi ya boma rhodes iko sawa, iliyokomaa kidogo yenye mabua, lusani wachia ng'ombe wa maziwa. Upime na ile mizani ya kuning'iniza ya watu wa skrapu, sio eti beli ni beli, beli zinatofautiana sana. Usishuke chini ya hapo bila daktari. Usimpe yote asubuhi, gawa mara tatu nne, weka kwa neti ya mashimo madogo ndio achukue muda. Ukiloweka hiyo nyasi kavu kwa muda wa saa moja hivi sukari inapungua, hayo maji umwage mbali asiyanywe, na umpe kabla ichache maana na jua letu inachacha mapema. Ila inapoteza madini pia, kwa hivyo madini ya farasi yawe karibu.

Malishoni usidhani masaa matatu ni kidogo, akijua atafungwa anakula kama ameajiriwa. Bora barakoa ya mdomo yenye tundu, na atoke alfajiri kuliko jioni, jioni nyasi imeshajaza sukari ya mchana. Chini ya banda weka maranda, akilalia majani makavu atakula kitanda.

Molasi, sukari guru, mkate, hakuna. Na chakula cha ng'ombe ama kuku usiguse kabisa, mnene ama mwembamba, vingine vina monensini, dawa inayochanganywa kwa chakula cha mifugo, ambayo inaua moyo wa farasi.

Kama kwato ni nzima atembee kila siku, mwendo wa haraka, vilima tunavyo vya bure, trot, yaani mwendo wa mchakamchaka, ije polepole. Akipoteza nusu asilimia mpaka asilimia moja kwa wiki inatosha, huyu wetu ni kilo moja na kitu mpaka mbili na nusu. Mdosi atasema haonekani amebadilika, mwonyeshe tepu.

Na ukimkuta poni mnene amekataa chakula, amezubaa, usingoje kesho eti labda ni uchovu, piga simu kwa daktari hiyo saa hata kama ni usiku. Maswali sasa, tuanze na mama wa hapo mbele, ameinua mkono tangu nitaje molasi.